Mlango wa Nyuma wa Dévote

Wahenga husema nyumba njema si mlango. Waliosema hivyo, bila shaka, hawakuwahi kuitafuta njia ya kutokea wakaikosa. Dévote angewabishia mchana kutwa na angewashinda, kwa maana kwake yeye nyumba ilikuwa mlango kwanza, ukuta baadaye, na paa ni majaliwa ya Mungu. Akiingia kwa mtu, iwe harusini au msibani, jicho lake halikutulia mpaka lihesabu matundu yote ambayo mwili wa binadamu unaweza kupita. Kwa kuwa alikuwa fundi cherehani, wenyeji walidhani anakagua mapazia, nao wakajisikia vizuri.

Alikuwa mtu wa Bukavu, mtoto wa mwalimu, mwanamke mwembamba mwenye vidole virefu na maneno machache. Alifika Malawi mwaka 2005 akiwa peke yake, akapokelewa kambi ya Dzaleka, akaolewa huko na Adolphe, mwimba besi wa kwaya ya kanisa lao, naye mkimbizi kutoka Walungu, vilimani juu ya Bukavu. Baadaye wakahamia Lilongwe, wakapanga nyumba Area 25. Adolphe aliuza vitenge soko la Tsoka, Dévote akaweka cherehani yake barazani, na mabinti wawili wakazaliwa hapo: Maombi, kisha Sylvie.

Nyumba ile ya Area 25 ilikuwa na mlango wa mbele na mlango wa jikoni, na kwa sababu hiyo Dévote alilala usingizi humo kwa miaka sita. Madirisha, ndiyo, yalikuwa na nondo. Nondo hizo alizichukia. Adolphe alizipenda, akazipaka rangi kila Krismasi bila kuombwa na mwenye nyumba. Kila mmoja alimwona mwenzake wa ajabu kidogo, na hakuna aliyeuliza. Watu waliokimbia vita wana adabu yao: hawafunguliani mizigo.

Mwaka 2013 mwenye nyumba akasema anaitaka nyumba yake. Mjini nako maneno yalikuwa yameanza kuzagaa kwamba wakimbizi wote watarudishwa kambini. Adolphe hakutaka kungoja kupakiwa kwenye lori na masufuria yake. Akaenda Dzaleka, akapata kiwanja cha familia moja iliyopelekwa ng'ambo. Nyumba yao ya zamani ilikuwa imebomoka nusu kwa mvua. Upande mmoja palikuwa na ukuta wa jirani, upande mwingine njia ya watu, nyuma shamba la mahindi. Pangeweza kukaa nyumba ya mita tano upana na sita urefu, hata shibiri moja zaidi haikuwezekana.

Aliporudi na habari hiyo Dévote alikuwa na mimba ya miezi minne. Adolphe alidhani atafurahi. Akamwona anakaa chini polepole juu ya kigoda chake.

"Ile nyumba ya zamani," Dévote akauliza, "ilikuwa na milango ngapi?"

"Moja. Nyumba zote za kule iko na moja."

Dévote akaificha mikono yake chini ya kitenge alichokuwa akikipinda.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, akatandaza karatasi ya kaki sakafuni, ile anayokatia patroni za magauni, akachukua chaki na tepu yake. Sentimita moja ya karatasi ikawa sentimita kumi za ardhi. Nyumba hakuwahi kuichora, lakini mwili wa mtu alikuwa ameuchora mara elfu, akajiambia kwamba nyumba nayo ni vazi, ila huvaliwa na watu wengi kwa wakati mmoja. Mbele akaweka sebule ya mita tatu, na cherehani dirishani ipate mwanga. Nyuma yake vyumba viwili vikae ubavu kwa ubavu: kushoto cha mabinti, kulia cha wazazi, kila kimoja upana mita mbili na nusu. Jiko akalitupa nje, upande ambao moshi hautarudi ndani. Kisha akakata vipande vya vitambaa: chekundu kikawa kitanda, bluu meza, cheupe gunia la unga wa nsima, ugali wa kule. Akavisogeza huku na huku juu ya karatasi, Maombi akicheka, mpaka kila kitu kikapata mahali pa kukaa bila kumkanyaga mwenzake. Ilikuwa nyumba yenye akili, nami nasema hivyo nikijua kilichokuja baadaye.

Mwishoni akachora mlango wa nyuma, chumbani mwa wazazi, unaotokea kwenye shamba la mahindi. Akajizungushia tepu kiunoni, akaongeza nafasi ya tumbo litakavyokuwa mwezi wa tisa, akaongeza tena nafasi ya hofu, maana mtu mwenye hofu hapiti sawasawa. Akaandika: sentimita sabini na tano.

Adolphe alikuwa amesimama nyuma yake. Akainama, akaufuta mlango ule kwa kidole gumba.

"Mulango wa nyuma njo wa mwizi," akasema.

Dévote akauchora tena, chaki ikikwaruza. "Papa Maombi, bila huu mulango mi siingie mu ile nyumba. Nitalala inje na batoto."

"Watu wakija kwa nyuma, nani atawaona?"

"Na bakija kwa mbele, tutatokea wapi?"

Wakatazamana. Walikuwa na miaka saba ya ndoa na hawakuwahi kupandishiana sauti mbele ya watoto. Adolphe ndiye aliyeshusha macho kwanza. Akatoka barazani, akashika nondo za dirisha kwa mikono miwili, akasimama hivyo mpaka chai ikapoa. Dévote alimwona akihema. Akadhani ni hasira, na hasira ya mume mpole inaogopesha kuliko ya mkali, kwa hiyo akaogopa na hilo pia. Lakini mlango hakuufuta.

Tuseme sasa alichokuwa akikiogopa, maana hakuna faida ya kumficha msomaji jambo ambalo Dévote mwenyewe alikuwa akiliona kila alipofumba macho. Mwaka 2004, mji wa Bukavu ulipoingiwa na askari walioasi, yeye na dada yake Lucie walikuwa ndani ya nyumba ya mlango mmoja. Ilikuwa saa nane mchana. Waliobisha walibisha kwa kitako cha bunduki. Nyuma palikuwa na dirisha la jikoni, dogo. Lucie akamsukuma Dévote apite kwanza kwa sababu ni mwembamba. Akapita, akaangukia kwenye tope, akageuka, akanyoosha mikono ndani amvute dada yake. Lucie alikuwa na mimba ya miezi minane. Mabega yalipita. Tumbo halikupita. Dévote alivuta, akavuta tena, mpaka Lucie mwenyewe akamwambia amwachie akimbie. Akamwachia. Watu wote waliomfahamu Malawi, mumewe akiwemo, walijua tu kwamba dada yake alikufa vitani, kwa risasi ya njiani.

Basi mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huyu alikuwa haoni ung'ongo. Alikuwa akiombwa alale na nyoka yule yule, tena na tumbo lile lile.

Kazi ya kujenga alipewa Ndayisaba, Mrundi mmoja wa kambini, mwashi mwenye mikono mizuri na mdomo usiochoka. Dévote akamkabidhi karatasi ya kaki. Ndayisaba akaigeuza juu chini, akaisifu.

"Mama Maombi, hii si pulani, hii ni gauni. Kola iko wapi?"

"Fuata namba, Fundi. Usiongeze, usipunguze."

"Namba nitafuata kama mstari wa maandiko."

Akafuata kweli. Tatizo la watu waaminifu ni hilo. Dévote na Adolphe walirudi Lilongwe kumalizia vitenge na magauni ya watu, na kwa wiki sita habari zikawa zinakuja kwa maneno ya wasafiri: msingi umechimbwa, matofali yamekauka, kuta zimefika madirishani, boriti zimepanda. Mwisho wa mwezi wa tisa wakapanda gari la kwenda Dowa, wakashuka njia panda ya kambini, na Dévote akapelekwa kwa kabaza, amekalia kiti cha nyuma cha baiskeli, tepu shingoni, tumbo mapajani. Bati lilikuwa limeshapigwa. Nyumba ilisimama, nyekundu, inanuka udongo mpya. Akaingia moja kwa moja mpaka chumba cha nyuma.

Mlango upo. Fremu sabini na tano. Akaugusa, machozi yakamlenga. Kisha akageuka kuutazama upande ambapo kitanda kitakaa, na kitu kikamwambia kwamba kuta zimekaribiana. Akapima upana. Akapima tena, akidhani tepu imejikunja. Mita moja na sentimita sabini na tano.

"Fundi!" Sauti ilimtoka nyembamba. "Mbili na nusu iko wapi?"

Ndayisaba akaja na mwiko wake, hana wasiwasi. "Nyumba nzima ni tano, Mama, kipimo cha nje, ukitaka tupime pamoja. Nimeanzia kushoto, nikawapa mabinti mbili na nusu yao kamili kama ulivyoandika. Wewe umebaki na kilichobaki."

"Kimebaki kidogo sababu gani? Mbili na nusu, na mbili na nusu, si njo tano?"

"Na kuta tatu?" Akaugonga ukuta kwa kiganja. "Kila mmoja sentimita ishirini na tano, na udongo wa kupaka. Ukuta nao unakula, Mama."

Hapo ndipo Dévote alipoona alichofanya. Maisha yake yote alikuwa amekata kitambaa, na kitambaa hakihesabiwi unene. Ukigawa mita tano za kitenge mara mbili, unapata mbili na nusu na mbili na nusu, hakuna kinachopotea katikati. Alikuwa amekumbuka kuliachia tumbo nafasi, akaiachia hofu nafasi, akasahau kwamba ukuta nao una mwili. Ndayisaba alikuwa hana kosa. Kosa lilikuwa kwenye karatasi, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Kitanda chao walikinunua kwa seremala wa Mitundu walipohamia mjini, kipana, mita moja na arobaini. Mtu yeyote aliyesoma anaweza kufanya hesabu hiyo, na Dévote alikuwa amesoma. Kati ya kitanda na ukuta ilibaki sentimita thelathini na tano. Kukigeuza haikuwezekana, kwa urefu wake hakikuingia. Kuukata ukuta wa katikati haikuwezekana, ndio uliobeba boriti. Walipokiingiza siku ya kuhamia, mlango wa nyuma ulifunguka kiganja na nusu, ukagonga mbao, ukasimama.

Dévote alijaribu njia zote ambazo akili ya mtu anayeogopa huzaa. Akapendekeza mlango ufungukie nje. Adolphe akakataa: bawaba zitakuwa nje, mtu ataking'oa kibao chote kwa nyundo. Akapendekeza mabinti wahamie chumba hiki, wao wanalala kwenye mikeka ya kukunja, na wazazi waende kile kikubwa. Adolphe akageuka rangi.

"Batoto wangu habatalala ku mulango wa nyuma! Usiseme tena hii neno, Mama Maombi. Hata siku moja."

Alikuwa amemshika mkono bila kujua, kwa nguvu, mpaka alama za vidole zikabaki. Na usoni mwake, kabla hajamwachia, Dévote aliona kitu kingine kilichomtia baridi. Mume wake alikuwa ametazama mlango ule ulioziba, na alikuwa ameshusha pumzi. Amefurahi, akawaza. Amefurahi kwamba haufunguki.

Wakaishi hivyo mwezi wa kumi wote. Yeye akishona sebuleni, mguu juu ya pedeli, sikio barabarani. Kwa watu alikuwa mama mwenye nyumba nzuri ya bati, wakaja kumpongeza na kumwambia zikomo, yaani asante, kwa viti alivyowapa wakalie. Alikuwa anakonda usoni huku tumbo likikua. Kila asubuhi, Adolphe akishapanda gari kwenda Tsoka mjini, alikwenda chumbani, akasimama kati ya kitanda na ukuta, akajipima. Wiki ya kwanza alipita kwa ubavu. Wiki ya tatu alipita kwa kuzuia pumzi. Wiki ya nne hakupita.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, kwamba anaiogopa nyumba aliyoichora mwenyewe?

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa kumi na moja, joto la kabla ya mvua, saa nane mchana. Maombi ametoka shule, anamlisha Sylvie uji. Dévote alikuwa akitia zipu gauni la bibi harusi. Kelele zikaanzia mbali, upande wa ofisi za kambi. Kwanza mtu mmoja, kisha wengi. Miguu. Watu wakikimbia kuja huku, wakipiga mayowe, mlango wa jirani ukigongwa kwa ngumi, mwanamke akilia kwa sauti ya juu. Saa nane mchana.

Dévote hakuamua kitu. Mwili ulisimama wenyewe, kiti kikaanguka. Akamnyakua Sylvie, akamkamata Maombi mkono, akaburuta wote wawili mpaka chumbani, akapanda juu ya kitanda, akavuta komeo la mlango wa nyuma. Mlango ukafunguka kiganja na nusu.

"Pita!"

"Maman, ni nini?"

"Pita, nimesema! Kimbia mu mahindi, usigeuke!"

Akamsukuma Maombi, akapita. Akamsukuma Sylvie, akapita akilia, uji kifuani. Kisha yeye akaingiza bega. Bega likapita. Akaingiza kichwa. Aliona mwanga wa jua, aliona visiki vya mahindi na nyayo za watoto wake kwenye vumbi. Akasukuma. Tumbo likakwama kati ya ubao wa mlango na fremu, na nyuma kitanda kikiuzuia mlango kama mtu aliyeketi hapo makusudi. Akasukuma tena, mtoto akageuka tumboni. Mlango wa mbele ukagongwa. Wakagonga kwa ngumi, wakaita jina lake, na yeye akakumbuka sura ya Lucie ilivyokuwa pale dirishani, akaelewa kwa mara ya kwanza Lucie aliona nini: alimwona mtu aliye nje, na jua.

Hakupiga kelele.

Waliokuwa wakigonga walichoka, wakaenda kugonga nyumba nyingine. Na walichokuwa wakikisema, ambacho sikio lake lilikataa kukisikia, ni hiki: majina yametoka! Orodha ya familia zinazokwenda ng'ambo ilikuwa imebandikwa, na mtaa wao ulikuwa na familia nne. Ilikuwa furaha. Watu walikuwa wakigonga kila mlango wapate wa kushangilia nao. Lakini furaha ya kambini na msiba wa kambini hupigiwa mayowe yale yale.

Adolphe alimkuta hapo. Siku hiyo alikuwa amefunga meza mapema. Aliwakuta mabinti shambani, wamekumbatiana, Maombi akiwa na amri ya mama yake kwamba asigeuke, na kweli hakugeuka hata baba alipomwita, mpaka alipomgusa. Akazunguka, akaona nusu ya mke wake imetoka ukutani, kichwa na bega na mkono mmoja, macho wazi.

Akapita mlango wa mbele mbio, akakivuta kitanda kwa ile nafasi ya ukucha iliyokuwa imebaki, akamtoa polepole, akamkalisha sakafuni. Hakuuliza. Dévote ndiye aliyeanza, na alianza kwa hasira, maana hofu ikishapita mkiani kwake huwa pana hasira.

"Ulifurahi," akasema. "Nilikuona. Ulifurahi mulango ilikataa kufunguka. We unataka tufie humu."

"Hapana."

"Lucie hakufa kwa risasi ya njiani kama nilikuambia. Lucie alikwama mu dirisha, na mimba. Mi nilikuwa inje. Nilimuvuta, nikamuacha." Akalitamka lote, na dirisha, na tope, na saa nane. Miaka tisa alikuwa amelibeba, na lilimtoka kwa dakika chache, kwa sauti ya mtu anayesoma vipimo.

Adolphe alikuwa amechuchumaa mbele yake. Alipojibu hakumtazama.

"Kwetu Walungu, nyumba ya baba ilikuwa na milango miwili," akasema. "Tulijua watakuja. Baba akakaa ku mulango wa mbele na panga, mi na wadogo zangu watatu akatulaza chumba cha nyuma, akasema huku njo salama. Bale bantu hawakugusa mulango wa mbele, Mama Maombi. Baliingia pale tulikuwa tumelala. Mi nilikuwa nimelala mwisho, karibu na ukuta. Ule aliyelala ku mulango alikuwa na miaka sita." Akafuta uso kwa kiganja. "Nikiona mulango nyuma ya mutoto, sipumui. Sikufurahi. Nilipumua tu."

Sylvie aliingia akaketi kati yao na kuanza kuchezea tepu. Dévote alimtazama mumewe, akaziona nondo za Area 25 na rangi yake ya kila Krismasi, akaona aibu kwamba alipima kila kitu ndani ya nyumba ile isipokuwa mtu anayelala naye. Na aliogopa bado. Sasa alikuwa na hofu mbili, yake na ya mumewe, na zote mbili zilikuwa za kweli, na nyumba ilikuwa moja.

Asubuhi yake Adolphe hakwenda Tsoka. Alikwenda kwa Ndayisaba, akarudi na msumeno na Ndayisaba mwenyewe, ambaye kwa mara ya kwanza alikuwa hana la kutania. Wakakipindua kitanda cha Mitundu. Adolphe akachukua tepu shingoni mwa mkewe, akapima sentimita arobaini, akaweka alama kwa chaki.

"Ni kitanda chetu," Dévote akasema.

"Ni mbao."

Akakata. Alikata mbao za kichwani, za miguuni, na chaga moja moja, vumbi likimjaa kwenye nyusi. Ndayisaba akapigilia miguu upya. Kilipowekwa mahali pake kilikuwa kitanda cha mtu mmoja, na kati yake na ukuta palikuwa na sentimita sabini na tano. Mlango ukafunguka wote, ukagusa ukuta.

"Na we utalala wapi?" Dévote akauliza.

Adolphe akachukua mkeka, akautandika kwenye ile njia, kichwa upande wa mlango. Alikuwa anatoka jasho, na si la msumeno. "Hapa. Bakija kwa nyuma, bananikuta mi kwanza. Bakija kwa mbele, nasimama, nafungua, munapita." Akajaribu kucheka. "Safari hii si mutoto iko ku mulango."

Ndayisaba akakohoa, akakusanya misumari yake, akasema ana kazi mahali, akaondoka.

Adolphe akaukunja mkeka, akasogea kando. "Pita," akasema.

Dévote akapita. Hakugeuka ubavu, hakuzuia pumzi. Alitanguliza tumbo lake la miezi minane, likapita kati ya kitanda na ukuta, likavuka fremu, na vumbi la shamba likawa moto chini ya nyayo zake. Maombi alikuwa hapo nje, akapiga makofi kwa kudhani ni mchezo. Dévote akageuka.

Adolphe alikuwa bado ndani. Alikuwa amesimama hatua moja kutoka kizingitini, mkono umeshika ukingo wa kitanda kilichokatwa, na mguu ulikuwa haunyanyuki. Mtu mzima, besi ya kwaya, baba wa watoto. Alikuwa anautazama mwanga wa mlango ule kana kwamba kuna mtu amesimama ndani yake. Dévote aliijua sura ile.

Akarudi mpaka fremuni. Akanyoosha mikono yote miwili ndani, kama alivyoinyoosha siku ile, akaikamata mikono ya mumewe, nayo ilikuwa baridi.

"Kuja," akasema. "Mi nakuvuta."

Akavuta. Safari hii mtu akatoka.